Mzigo Unaosimama

Mama wa nyumbani aingiapo katika duka lililo kando ya kambi ya polisi ya Nsambya, jijini Kampala, kununua mche wa sabuni na mkate wa watoto, aghalabu huuliza bei kwanza, kisha hushusha pumzi. Mwenye duka naye hana jibu jipya. Husema neno moja tu: usafiri. Jibu hilo si la uongo, ila si kamili. Ngano iliyookwa mkate huo, mafuta ghafi yaliyopikwa sabuni, matairi ya gari lililovileta na petroli iliyoliendesha, sehemu kubwa ya vitu hivyo hushukia katika bandari ya Mombasa, umbali wa karibu kilomita 1,170 kutoka Kampala. Umbali huo haupungui. Bonde la Ufa halijafukiwa, wala mwinuko wa Timboroa haujasawazishwa. Hata hivyo, katika muda wa miaka michache tu, safari ya mzigo katika njia hiyo hiyo ilifupishwa kwa kiasi ambacho wakongwe wa kazi ya malori hawakukitarajia.

Taarifa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba kabla ya mwaka 2014 kontena lilichukua siku 18 hivi kutoka Mombasa hadi Kampala, na kwamba baada ya utaratibu mpya wa forodha kuanza, muda huo ulishuka hadi siku 4 hivi. Barabara ni ile ile, na malori ni yale yale. Mtu akipiga hesabu ataiona ajabu iliyomo. Lori lenye shehena likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, huhitaji saa 24 hivi za mwendo kumaliza njia yote. Dereva akipewa usingizi wa kutosha, chakula, na nafasi ya kukagua matairi yake, ni siku 3. Basi kati ya zile siku 18, siku 15 hazikuwa za safari hata kidogo. Zilikuwa za kusimama.

Mzigo ulisimama wapi? Meli ilipotia nanga, kontena lilishushwa likawekwa uwanjani kungoja hati. Wakala wa forodha alijaza hati za kuupitisha mzigo katika nchi ya Kenya, akaweka dhamana ya fedha kuthibitisha kwamba hautauzwa njiani pasipo kulipiwa kodi. Bidhaa zilizotiliwa shaka zaidi zilingoja msafara wa kusindikizwa na maafisa, na msafara hauondoki mpaka utimie. Njiani kulikuwa na mizani, Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, kila mmoja na foleni yake. Na kati ya mizani na mizani kulikuwa na vizuizi vya barabarani. Lori lilipofika Malaba, dereva alishuka na bahasha yake akapanga mstari upande wa Kenya. Alipomaliza, akavuka na kupanga mstari mwingine upande wa Uganda, ambako afisa mwingine alitaka kuona kile kile alichokwisha kukiona mwenzake. Na ulipofika Kampala mzigo uliingizwa katika bandari kavu, na hapo ndipo kodi ilipoanza kukadiriwa, kubishaniwa na kulipwa. Dhamana ya wakala haikufunguliwa hadi Mombasa ipate habari rasmi kwamba mzigo umefika. Fedha zake zilikaa kifungoni muda wote huo, na gharama ya kifungo hicho iliandikwa, bila wino, juu ya mche wa sabuni wa Nsambya.

Yafaa isemwe kwa haki kwamba hakuna hata kimoja kati ya vituo hivyo kilichowekwa na mpumbavu. Mizani hulinda barabara, kwa maana lori lililozidisha uzito huivunja lami ambayo wananchi wote wameilipia. Forodha hukusanya fedha ambazo ndizo mshahara wa askari, chaki ya mwalimu na dawa ya hospitali. Kosa halikuwa katika kukagua. Kosa lilikuwa kwamba jambo moja liliulizwa mara tatu au nne, na watu wasiosemezana, na kila mmoja aliamini kuwa bila yeye nchi ingeibiwa.

Utaratibu ulioanza mwaka 2014, uitwao Himaya Moja ya Forodha, ulikuja na wazo ambalo kila mlinzi wa lango alipaswa kuwa amelifikiria zamani: swali liulizwe mara moja, mwanzoni, na jibu lifuatane na mzigo. Maafisa wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda walipelekwa kufanya kazi Mombasa, bega kwa bega na wenzao wa Kenya. Mwenye mali akatangaza mzigo wake mara moja na kulipa kodi kabla lori halijatoka bandarini. Badala ya msafara wa kusindikizwa, kontena likafungwa lakiri ya kielektroniki inayotoa ishara kupitia satelaiti. Lori likiiacha njia iliyopangwa au lakiri ikiguswa, maafisa walio mbali huona mara moja, na kikosi kilicho karibu hutumwa. Kuanzia mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zilianza kuutumia mtambo huo kwa pamoja. Mizani kadhaa nayo ikapata vipimo vinavyopima gari likiwa katika mwendo, hata dereva mwenye uzito halali hapati sababu ya kuzima injini.

Mpakani kukajengwa vituo vya pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Museveni na Rais Kenyatta mwezi Februari, mwaka 2018. Katika kituo cha namna hiyo dereva hasimami upande anaoutoka. Huvuka moja kwa moja, na upande anaouingia huwakuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa katika jengo moja. Mwaka huo huo, tarehe 17 Oktoba, daraja jipya la Mto Nile lilifunguliwa Jinja. Kwa zaidi ya miaka 60 malori yote ya njia hiyo yalikuwa yakipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya umeme, wala si kwa ajili ya matela ya tani kadhaa yaliyofuatana mchana na usiku.

Nini faida yake kwa mnunuzi? Lori lililotumia siku 18 kuja, likatumia tuseme siku 4 kurudi tupu, lilikamilisha safari moja katika siku 22. Lori lile lile likitumia siku 4 kuja na 4 kurudi, hukamilisha safari tatu katika siku 24. Mwenye lori hakununua gari la pili wala la tatu, lakini ni kama aliyenunua. Deni lake la benki, mshahara wa dereva na utingo wake, na malipo ya mlinzi, mambo ambayo zamani yalibebwa na kontena moja, sasa yanagawanywa kwa makontena matatu. Na kontena lenyewe, ambalo ni mali ya kampuni ya meli, hurudi Mombasa kabla ya siku zake kwisha, hivyo faini ya kulichelewesha haiandikwi. Kama nafuu yote hiyo humfikia mnunuzi ni swali jingine. Wafanyabiashara si malaika, na bei ikiisha kupanda ngazi huona haya kushuka.

Askari wana njia yao ya kulielewa jambo hili, nayo ni ya zamani kuliko lori. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki yalikwenda mahali pasipo na reli wala barabara ya magari, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Wanaume walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko, wakaingizwa katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake la Kiingereza lilipotamkwa na wenyeji likawa Kariakoo. Dar es Salaam ina Kariakoo yake hadi leo, na Nairobi ina Kariokor. Hesabu yao ni ya kutisha kwa wepesi wake. Mpagazi abebaye kilo 25 za unga, akila kilo 1 kwa siku, afikapo mstari wa mbele ulio mbali wa siku 12 hubakiwa na kilo 13. Akitoa kilo 12 za kumrudisha, askari aliye vitani hupata kilo 1. Siku moja tu ya kuchelewa kwa sababu ya mto uliofurika, na kilo hiyo haipo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Lori nalo ni mpagazi. Likisimama Malaba linakula, ijapokuwa tumbo lake halionekani.

Wajapani wana neno kwa kazi ya kupunguza ulaji huo kidogo kidogo pasipo kukoma: kaizen, yaani badiliko lililo jema. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi yao ilikuwa maskini, haina fedha za kujaza maghala wala za kutupa kilichoharibika. Katika kiwanda cha magari cha Toyota, mhandisi aitwaye Taiichi Ohno alianza kuhesabu upotevu wa kazi, akaupanga katika mafungu saba. Miongoni mwa hayo aliweka kungoja, na pia kuhamisha vitu huku na huko bila sababu. Alipozuru Marekani mwaka 1956 alivutiwa na maduka ya kujihudumia, ambako rafu hujazwa kwa kadiri ya kile tu ambacho wanunuzi wamekiondoa. Akairudisha fikra hiyo kiwandani: kituo cha nyuma kisitengeneze wala kupeleka kitu mpaka kituo cha mbele kimekihitaji.

Watu wa Toyota walikuwa na desturi nyingine, nayo haigharimu hata senti: kuuliza "kwa nini" mara tano. Mfano wake waweza kuletwa katika zahanati yoyote ya kambini. Dawa ya malaria imekwisha. Kwa nini? Kwa sababu haikuletwa ya kutosha. Kwa nini? Kwa sababu iliyoagizwa ilikuwa chache. Kwa nini? Kwa sababu mtunza ghala alikisia matumizi ya miezi iliyopita. Kwa nini alikisia? Kwa sababu kadi ya ghala haikuandikwa tangu mwanzo wa mwezi. Kwa nini haikuandikwa? Kwa sababu kadi zimefungiwa kabatini ofisini, na ufunguo huenda na mkubwa. Anayeishia katika swali la kwanza atamlaumu dereva. Anayefika la tano atatundika kadi na kalamu penye rafu.

Njia hii ya Kijapani ilikwisha kuingia Afrika Mashariki kwa lango la hospitali. Kuanzia mwaka 2007 Japani ilisaidia mpango uliozihusisha hospitali za nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo ile ya Tororo, mashariki mwa Uganda, na ya rufaa ya Mbeya, nchini Tanzania. Hatua tano za mwanzo, ambazo kwa Kijapani zote huanza kwa sauti ya S, zilipata Kiswahili chake nchini Tanzania, tena kwa ufundi, maana S zilibaki zote: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kusasambua ni kutoa visivyohitajika. Kuseti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake penye alama. Kusafisha kunajieleza. Kusanifisha ni kuhakikisha kwamba zamu ya usiku inafanya kama zamu ya mchana. Kushikilia ndiko kugumu. Kwa askari aliyepita depo, manne ya kwanza si mageni. Aliyafundishwa kwa ukaguzi wa kitanda na sanduku, na aliambiwa sababu yake, kwamba usiku wa dharura mkono lazima uikute buti bila taa. La tano hakufundishwa na mtu, kwa sababu depo hakuna aliyethubutu kuacha.

Uganda ina mfano mwingine wa kazi isiyokoma, na huu unagusa kila familia yenye mtoto mchanga. Bohari ya Taifa ya Dawa, ijulikanayo kwa herufi NMS, iliundwa kwa sheria mwaka 1993, na makao yake yakawa Entebbe. Kwa muda mrefu fedha nyingi za dawa zilikuwa zikigawanywa kwa wilaya na hospitali, na kila moja iliagiza kwa wakati wake na kwa uwezo wake. Kuanzia mwaka wa fedha 2009/2010 fedha hizo zilikusanywa zikakabidhiwa bohari moja. Mwaka 2010 ukaanza utaratibu wa makasha: kila kituo kidogo cha afya cha ngazi yake kikaletewa kasha lililokwisha kupangwa, kila miezi miwili, pasipo kungoja fomu ya maombi. Vidonge na maboksi vikapigwa alama ya mali ya Serikali isiyouzwa, hata mwenye duka la dawa asiye mwaminifu akakosa mahali pa kuificha.

Kasha liliondoa uhaba mwingi, likaleta kasoro yake. Kituo kilicho kando ya kinamasi, penye mbu wengi, na kituo kilicho katika nyanda za juu zenye baridi, vilipata kasha moja. Huku dawa ya malaria ilikwisha wiki ya tatu, huko ilikaa mpaka muda wake wa kutumika ukapita. Wapo waliosema utaratibu mzima ufutwe. Haukufutwa, yaliyomo katika makasha yakaanza kupitiwa upya kwa kuwashauri watu wa wilaya, na kasha la sehemu moja likaruhusiwa kutofautiana na la sehemu nyingine. Kadhalika mizigo ambayo zamani iliachwa katika ghala la wilaya, na ambayo mara nyingi ilikaa hapo kwa kukosa gari la kuifikisha kijijini, ikaanza kupelekwa mpaka mlangoni mwa kituo. Ghala la wilaya lilikuwa Malaba ya dawa. Safari ndefu kutoka Entebbe ilimalizika kwa siku moja au mbili, kisha kasha likalala juma zima kilomita chache kutoka kwa mgonjwa, kwa sababu pikipiki haina mafuta.

Ni kosa kudhani kwamba kusimama kukiisha kuondolewa hakurudi. Kampala inalijua hilo kuliko miji mingi. Mwaka 1976 uhasama kati ya utawala wa Idi Amin na Kenya uliikatiza Uganda mafuta, na magari yakasimama mjini. Mwezi Januari, mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara, na reli iling'olewa katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Katika siku chache petroli ilipotea Kampala, na katika baadhi ya vituo bei yake ilizidi mara mbili ya ile ya kawaida. Matangi ya akiba ya Jinja, yaliyojengwa kukinga janga la namna hiyo hasa, hayakuwa na mafuta ya kutosha. Malori yalirudi kupita chini ya ulinzi, kwa misafara.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, dereva aligeuka kuwa mtu wa kutiliwa shaka kila mpaka. Alipimwa, akangoja majibu, akavuka, akapimwa tena. Foleni za Malaba na Busia zilirefuka kwa makumi ya kilomita, na madereva walilala chini ya matela yao siku kadhaa, katika miji midogo isiyo na vyoo vya kuwatosha. Dawa iliyopatikana ilifanana na ile ya mwaka 2014: nchi za Jumuiya zilikubaliana kutumia mtambo mmoja, ili majibu ya dereva yaonekane na nchi zote, na kipimo kimoja kitoshe. Lakini mwezi Januari, mwaka 2022, agizo la madereva kupimwa tena mpakani, kwa fedha zao wenyewe, lilizua mgomo. Foleni ikarudi mahali pake pa zamani kama mtu ajuaye njia ya kwao. Petroli ikapanda mno, na katika baadhi ya sehemu za Uganda lita moja iliuzwa kwa Shilingi 10,000. Boda boda zikaegeshwa. Mgonjwa aliyehitaji kufika Mulago usiku huo alilipa bei ya agizo ambalo hakulisikia.

Kwa sababu hiyo kazi ya kupima haiwezi kuachwa hata mambo yakiwa mazuri. Mamlaka ya uratibu wa Ukanda wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, ina ofisi ya kuhesabu saa: saa ngapi kontena lilikaa bandarini, saa ngapi lilikaa mizani, saa ngapi Malaba. Mwezi Juni, mwaka 2014, wakuu wa bandari, forodha, polisi, reli, wasafirishaji na wengineo walitia sahihi mkataba wa Mombasa, kila mmoja akikubali kipimo chake mwenyewe mbele ya wenziwe. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililovunja desturi ya kila idara kunyosha kidole kwa jirani. Penye takwimu za saa, mwenye kuchelewesha hujulikana kwa jina la kituo chake.

Askari wa usalama barabarani anayo sehemu yake, na si vema kuificha. Kizuizi ni silaha ya kazi. Kimekamata wezi wa magari, walanguzi na wauaji. Lakini lori lililofungwa lakiri, lenye uzito halali na hati zilizotimia, likisimamishwa kwa nusu saa pasipo sababu ya kuandikwa katika daftari, ile nusu saa si mali ya askari. Ikirudiwa mara sita kati ya Tororo na Kampala, ni saa tatu. Na saa tatu ndizo tofauti kati ya kufika mchana, ghala likiwa wazi, na kufika usiku na kulala nje hadi asubuhi. Dereva aliyepotezewa saa hizo hutaka kuzikomboa kwa mguu wake wa kulia. Ajali nyingine hutengenezwa hapo.

Kazi ya reli nayo inangojwa. Mwezi Oktoba, mwaka 2024, Serikali ya Uganda ilitia sahihi na kampuni ya Kituruki mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, umbali wa kilomita 272. Reli ya kwanza ilifika Kampala mwaka 1931, na wenye kumbukumbu wanajua kwamba behewa nalo husimama, tena kwa subira kuliko lori.

Katika nyumba za kambini, Naguru, Mbuya au Bombo, hesabu ni hiyo hiyo kwa kipimo cha kijiko. Ichukuliwe nyumba ya koplo mwenye watoto wanne. Mshahara hufika mwisho wa mwezi. Posho na maharagwe hununuliwa kwa pamoja. Vilivyobaki huendeshwa kwa kukumbuka. Chumvi hukumbukwa mboga ikiwa jikoni. Mtoto hutumwa dukani saa mbili usiku, hununua kidogo kwa bei kubwa, na mboga hungoja. Makaa hununuliwa kwa debe wakati gunia lingekuwa nafuu, kwa sababu siku gunia lilipopatikana kwa bei nzuri fedha zilikuwa zimekwenda kununulia sukari ya pili, nayo ya kwanza imejificha nyuma ya rafu.

Mabohari makubwa hutumia njia ya makopo mawili, na haina sababu ya kukaa mabohari tu. Chumvi iwekwe katika makopo mawili yaliyojaa. Kopo la kwanza litumike peke yake. Siku linapokwisha, kopo tupu lisirudi rafuni. Liwekwe mezani, karibu na mlango, mahali pa kumuudhi kila apitaye. Kopo tupu ndilo hati ya kuagiza. La pili likianza kutumika, nyumba ina siku kadhaa za kununua kwa nafasi, mchana, kwa bei ya soko la Nakawa au Owino. Vivyo hivyo kwa sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Unga mpya ukija uwekwe nyuma ya wa zamani, na dawa ya mtoto yenye tarehe ya karibu ikae mbele.

Na nyuma ya mlango wa jikoni itundikwe karatasi moja, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila kitu kinapokosekana wakati wa kuhitajika, jina lake liandikwe, pamoja na siku, na sababu kwa maneno machache. Karatasi hiyo isitumike kumgombeza mtu. Mume arudipo kutoka zamu aisome na mkewe mwisho wa mwezi, waulizane kwa nini mpaka wafike penye jibu linaloweza kurekebishwa kwa mkono. Mwezi wa kwanza karatasi itajaa. Mwezi wa tatu yamkini chumvi haitaonekana tena humo, wala viberiti. Litakuwa limebaki neno makaa, limeandikwa mara nne, na mbele yake kila mara sababu ile ile: mvua. Basi suala la mwezi wa nne ni mahali pakavu pa kuweka gunia.